Marangu siku 5 au siku 6? Na kwa nini wenye mazoezi ndio wanarudishwa toka Kibo?

#1 KimaraMwisho
Habari za jioni wakuu. Tuko watu sita, wengine wa kazini na mmoja mdogo wangu, tunataka kupanda Kilimanjaro mwishoni mwa mwezi wa tisa. Njia tumeshakubaliana ni Marangu kwa sababu ina vibanda vya kulala na hakuna anayetaka hema kwenye baridi ile. Kilichobaki ni ugomvi wa siku. Mwenzetu mmoja kaleta bei ya siku 5, yaani vibanda vya Mandara, Horombo, Kibo, usiku huohuo kileleni kisha kushuka kulala Horombo na kesho yake getini. Anasema ile siku ya 6 ya kushinda Horombo ni watu wa kampuni wanajiongezea hela tu, unakaa pale unaangalia mawingu.

Mimi kinachonitatiza ni hiki. Mwaka jana kuna jamaa wa ofisini anakimbia nusu maratoni, hana hata dalili ya kitambi, karudishwa toka Kibo kashikwa mikono huku na huku. Msafara huohuo kuna dada wa mapokezi ambaye hata daladala haikimbilii, yeye kafika kilele cha Uhuru na picha ya ubaoni anayo. Sasa kama mazoezi siyo hoja, hoja ni nini? Na siku moja ya ziada inabadilisha nini hasa? Naomba mwenye kujua anijuze kabla hatujalipa.

#2 Mzee wa Geti
Kijana, lipeni siku 6. Nitakwambia kwa namba uwaoneshe wenzako.

Geti la Marangu liko kama mita 1,870. Mandara ni 2,700. Horombo 3,720. Kibo Hut ni 4,700 na ushee. Maana yake toka Mandara unalala mita elfu moja juu ya ulipolala jana, na kesho yake tena elfu moja. Halafu usiku wa manane mnaamshwa kwenda 5,895, karibu mita 1,200 nyingine, gizani, kwenye changarawe inayorudi nyuma ukikanyaga. Wataalamu wa milima wanashauri ukishapita mita 3,000 usipandishe kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe hapo siku 5 inakuwaje.

Na ile siku ya Horombo hamkai kuangalia mawingu. Mnatembezwa mpaka Miamba ya Pundamilia, kama mita 4,000 hivi, ukiwa na pumzi unasogezwa mbele kidogo upande wa kilele cha Mawenzi halafu mnarudi kulala chini. Panda juu lala chini. Nimefanya kazi ya kuongoza watu njia hiyo miaka mingi na tofauti ya sura za watu pale Kibo, kati ya waliopumzika Horombo na ambao hawakupumzika, unaiona kabla hawajafungua mdomo.

#3 Tupatupa
Mimi nilipiga siku 5 Marangu na nikafika Uhuru, wenzangu wote tulioenda nao tukafika. Msitishane. Siri ni maji. Kunywa lita nne kwa siku hata kama huna kiu, mkojo uwe mweupe, utapanda mpaka uchoke. Huyo mkimbiaji wa mleta uzi nina hakika alikuwa hanywi maji, wakimbiaji wamezoea kubana.

#4 Injinia Mpya
Nakubaliana na Mzee ila niongeze sababu yenyewe, kule juu oksijeni kwenye hewa inashuka inafika asilimia 10 tu, huku chini ni 21. Ndo maana mwili unakosa. Mtu mwenye misuli mikubwa anatumia oksijeni nyingi kuliko mwembamba kwahiyo anaisha haraka. Dada wa mapokezi ni mwembamba? Hebu mleta uzi tuambie.

#5 KimaraMwisho
@Injinia Mpya hapana, ni mama mwenye mwili wake wa kutosha tu 😂 nadharia yako imekufa mapema.

#6 Nesi wa Zamu
Injinia naomba nikusahihishe hapo. Oksijeni kwenye hewa ni asilimia 21 hapa Dar na ni asilimia 21 pale Uhuru, haibadiliki. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Pale kileleni mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwahiyo kila pumzi unayovuta inaingiza karibu nusu ya oksijeni uliyozoea. Ni kitu kinachofanana ukikisikia ila siyo kilekile.

Mwili ukiona hivyo unafanya mambo kwa hatua. Kwanza unapumua haraka na moyo unaongeza mapigo. Ukipumua haraka unatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inapungua asidi, halafu ubongo unaona hapo imezidi unapunguza kasi ya kupumua, hasa ukilala. Figo ndizo zinarekebisha kwa kumwaga baikabonati (kitu kinachopunguza asidi) kwenye mkojo, na hiyo kazi inachukua siku kadhaa siyo masaa. Ndo maana siku inayoongezwa ina thamani. Damu kutengeneza chembe nyekundu za kutosha ni wiki kadhaa, hiyo hamtaifikia kwenye safari yenu.

Sasa kuhusu mkimbiaji. Mazoezi yanakupa miguu na moyo mzuri lakini hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko. Hilo limefanyiwa utafiti sana na halina utata. Mwenye mazoezi anaweza kuumwa sawa na asiye nayo, na mara nyingine anaumwa zaidi kwa sababu anaweza kwenda haraka.

@Tupatupa maji ni muhimu kwa sababu hewa ya kule ni kavu na unapumua sana, na ukikaukiwa kichwa kinauma kama mwenye ugonjwa wenyewe, unashindwa kutofautisha. Ila maji mengi hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Ukijilazimisha lita na lita bila chumvi unashusha sodiamu kwenye damu, na hiyo nayo inaleta kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Kunywa kutokana na kiu na uangalie mkojo, inatosha.

#7 Tupatupa
Nesi shukrani kwa darasa lakini mimi nimefika na maji yangu. Wewe umefika?

#8 Nesi wa Zamu
Nimefika kaka, kwa njia ya Rongai. Na nilikunywa kawaida.

#9 MaketeBoy
😂😂 Tupatupa kaa chini.

Mimi nina kesi inayowasumbua wote hapo juu. Nimekulia Makete, kwetu asubuhi ya mwezi wa sita unaamka majani yana barafu, mita zaidi ya elfu mbili. Nikaenda na binamu yangu aliyezaliwa Temeke hajawahi kuishi popote zaidi ya usawa wa bahari. Mguu kwa mguu, chakula kimoja, maji yaleyale, siku 6, mwongozaji huyohuyo. Mimi natapika toka Horombo mpaka Kibo, yeye anaomba kuongezewa supu. Kwa hiyo suala la kuzoea mwinuko sijui mnalielezaje.

#10 Mzee wa Geti
Hulielezi kijana, unalikubali. Kuna watu mlima unawakubali na wengine hauwakubali na hakuna alama usoni.

#11 Injinia Mpya
Ni jeni hiyo. Watu wa Tibet wana toleo la jeni inaitwa EPAS1 linalofanya damu yao isiwe nzito hata wakiishi juu sana, wale wa Andes damu yao inakuwa na himoglobini nyingi, na Waethiopia wa nyanda za juu wana njia yao nyingine tofauti na wote hao. Sasa kama jamii zimetofautiana hivyo basi hata mtu na binamu yake wanaweza kutofautiana.

#12 Nesi wa Zamu
Hapo uko sawa Injinia, ingawa jeni moja ya kumpima mtu wa Makete na wa Temeke kabla ya safari haipo. Kinachotabiri vizuri zaidi ni historia, kama uliumwa ulipopanda mara ya kwanza kwa mwendo fulani basi ukirudia mwendo huohuo uwezekano wa kuumwa tena ni mkubwa. Kwa ambaye hajawahi kupanda hakuna cha kutazama. Kuishi Makete kunasaidia kidogo kwa mita za mwanzo ila kama ulikuwa umehamia Dar miaka kadhaa faida ilishaondoka.

#13 MaketeBoy
Nilikuwa Dar miaka mingi kweli. Ila bado Temeke!!

#14 Dada Sechu
Naomba niseme ninachokiona mimi kama mtu ninayepanga safari za vikundi vya akina mama. Siyo jeni wala maji, ni kasi na kuogopa aibu. Mwanaume mwenye mazoezi akitangulia anataka kukaa mbele, akishikwa na kichwa anakaa kimya maana atachekwa. Akina mama wangu wanatembea pole pole tangu geti, wanaimba wakiwa na pumzi, na mtu akisikia kichefuchefu anasema hapohapo mwongozaji anajua. Huyo dada wa mapokezi sishangai hata kidogo. Ukishindwa kuongea sentensi nzima huku unatembea, basi unakwenda haraka mno.

#15 Fundi Baiskeli
Dada Sechu umegusa penyewe. Shemeji yangu alificha maumivu ya kichwa toka Horombo, pale Kibo akawa anavaa buti la kulia mguu wa kushoto na anabisha kwamba limekaa sawa. Mwongozaji alimwambia atembee kwenye mstari kisigino kwa vidole, akayumba. Hawakumjadili, walimshusha usiku uleule na machela ile ya tairi moja. Kufika Horombo alikuwa anaongea vizuri na anaomba chai. Kwenye kikundi chetu yeye ndiye alikuwa na nguvu kuliko wote.

#16 Nesi wa Zamu
Fundi hicho ulichoeleza kila mtu akisome mara mbili. Kuyumba na kuchanganyikiwa ni ubongo unaanza kuvimba. Nyingine ya kuogopa ni mapafu kujaa maji, mtu anahema akiwa amekaa tu, kifua kinabana, anakohoa, ikizidi anatoa makohozi ya povu lenye wekundu. Hizo mbili zinaua, na zinaua haraka. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, usiku au mchana, mvua au jua. Oksijeni ya mtungi na deksamethasoni ni za kusaidia wakati unashuka, siyo za kukufanya ubaki.

Maumivu ya kichwa ya kawaida, kukosa hamu ya kula, uchovu na kulala vibaya, hapo unaweza kukaa palepale ulipo mpaka zipungue. Ila hupandi na dalili. Hiyo ndo sheria ninayowaomba mleta uzi na kikundi chako mkubaliane mkiwa bado huku chini, kwa sababu kule juu kila mtu ana sababu yake.

#17 KimaraMwisho
Asanteni sana, huu uzi unanisaidia kuliko nilivyotegemea. Nesi, vipi hizi dawa za Diamox za kuzuia ugonjwa wa mwinuko? Mdogo wangu kasikia kwa watu anataka kuanza kumeza toka leo.

#18 Tupatupa
Msimeze. Zile zinaficha dalili, unapanda unajiona mzima kumbe mwili umeharibika ndani. Nimesikia hilo kwa waongozaji kabisa.

#19 Nesi wa Zamu
Kuficha dalili hapana. Diamox ni asetazolamaidi, inazilazimisha figo kutoa ile baikabonati niliyoitaja #6, kwahiyo unapumua vizuri zaidi hasa usiku. Inaharakisha kitu ambacho mwili ungekifanya wenyewe, na ukiumwa ukiwa umeimeza, dalili utazisikia kama kawaida. Dozi ya kinga inayotumika sana kwa mtu mzima ni mg 125 asubuhi na jioni, unaanza siku moja kabla ya kupanda. Siyo kuanza leo wakati safari ni mwezi wa tisa.

Aende kwanza kwa daktari, hasa kama ana mzio wa dawa za salfa, ana shida ya figo au ni mjamzito. Ajue pia kwamba vidole na midomo vitakuwa vinachomachoma kama ganzi, atakojoa sana, na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Na ajaribu kidonge kimoja au viwili akiwa nyumbani ajue mwili wake unapokeaje, asije akashangazwa Mandara.

#20 Mzee wa Geti
Hao waongozaji aliowasikia Tupatupa wapo kweli, na mimi nafikiria kama wao nusu. Siyo kwamba inaficha. Ni kwamba mtu akishaimeza anajiona kapewa ruhusa ya kukimbia na kulipa siku pungufu. Dawa haijawahi kunisumbua, kinachonisumbua ni mpango mbaya unaoegemezwa kwenye dawa.

#21 Kamau wa Nyeri
Sasa wazee, majirani wenu tunasoma tu hapa kimya. Mimi napanda Mlima Kenya sana, Point Lenana ni mita 4,985 na watu wanaenda mbio ajabu, mtu anatoka Nairobi Ijumaa jioni anataka Jumapili awe amerudi. Unawakuta kambi ya Shipton's pale mita 4,200 wamelala kwa mawe wanashika kichwa. Njia ya Sirimon angalau unalala kambi ya Old Moses kama 3,300, ukipumzika siku moja zaidi unasikia tofauti. Njia ya Naro Moru ni fupi lakini iko na lile tope refu linakumaliza nguvu na inapanda haraka.

Ushauri wangu kwa mleta uzi, kama mko na muda pandeni mlima mdogo kwanza wiki hiyohiyo. Ukitoka Lenana ukaingia Kilimanjaro siku chache baadaye unapanda kama uko kwenu.

#22 Dada Sechu
Kamau karibu sana. Kwa watu wa huku mlima wa kuzoelea ni Meru, 4,562, unalala Miriakamba 2,500 na Saddle Hut 3,570. Uko ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha na mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo, ila mandhari yake tangu chini mpaka juu mimi naipenda kuliko hata ya Kili. Ule ukingo wa kreta alfajiri huku jua linatokea nyuma ya kilele cha Kibo, wacha tu. Shida ni likizo, nani ana siku zote hizo.

#23 Injinia Mpya
Na faida ya kuzoea inadumu muda gani ukishashuka?

#24 Nesi wa Zamu
Inaanza kupungua ndani ya siku chache na baada ya wiki mbili tatu hesabu kwamba umebaki na kidogo sana. Kwahiyo Meru ya mwezi wa sita haikusaidii Kili ya mwezi wa tisa, labda kwa buti kuzoea miguu.

#25 Mgumu Mstaafu
Naona mnaongea kana kwamba wanaoumwa ni wageni na watu wa Dar tu. Mimi nimebeba mizigo mlima huu, sisi wagumu, yaani wapagazi, tunaumwa pia. Tunaishi Moshi, mtu anakaa wiki tatu chini bila kazi, anaitwa leo kesho anapanda, na yeye mwili umeshasahau. Mzigo sheria ni kilo 20, unapimwa getini, lakini kuna watu wanaongezewa wakishapita kwenye mzani. Analala kwenye hema bovu na blanketi moja. Halafu asubuhi ndo anatangulia kambi awe ameshatandika. Tunaona aibu kusema kichwa kinauma maana safari ijayo hutaitwa.

Kwa hiyo jamaa yangu wa #1 ukiwa unachagua kampuni usiulize tu siku ngapi na chakula gani. Uliza wapagazi wako wanalala wapi, wanakula mara ngapi kwa siku na wanalipwa shilingi ngapi. Anayekujibu bila kugugumia huyo nenda naye. Bei ikiwa chini sana kuliko za wengine ujue kuna mgongo wa mtu umeilipa.

Na mimi ninachoamini kinawarudisha watu ni baridi. Mtu anaanza kupanda saa sita usiku na soksi mbichi za jana na jasho la mchana mgongoni, ikifika saa kumi alfajiri kule Pango la Hans Meyer kwenda juu nyuzi ziko chini ya sifuri, upepo unapiga, nguvu yote inaisha kwenye kutetemeka. Anasema mwinuko. Mimi nasema soksi.

#26 KimaraMwisho
@Mgumu Mstaafu shukrani kaka, hilo la wapagazi hakuna mwenzetu hata mmoja alikuwa amelifikiria. Nalipeleka kwenye kikundi leo hii.

#27 MaketeBoy
Soksi zangu zilikuwa kavu na bado nilitapika.

#28 Fundi Baiskeli
MaketeBoy wewe una kesi na mlima, nenda ukaombe radhi. Halafu Wachaga mbona hamjibu, nyie mmezaliwa pale chini yake, mna jeni za Injinia au hamna?

#29 Mzee wa Geti
Mchaga wa kihamba cha Marangu anaishi mita 1,400, 1,500, hiyo siyo Tibet. Wazee walikuwa hawaendi kwenye barafu bila sababu. Walipita kwenye ukanda wa katikati kwa asali, mawindo na biashara upande wa pili. Bibi yangu hadithi yake ilikuwa ile ya Mawenzi kwenda kuomba moto kwa Kibo kila mara mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mtwango, ndo maana Mawenzi ana mapengo hadi leo.

Lakini kwa mada yenu kuna somo la kweli la kihistoria. Mjerumani Hans Meyer alijaribu 1887 akashindwa. Mwaka 1889 aliporudi na Ludwig Purtscheller, na wenyeji waliomuongoza, ambao kati yao huku tunamtaja Yohani Kinyala Lauwo, alichokibadilisha ni kuweka kambi zenye akiba ya chakula njiani, ili wakishindwa leo wasishuke mpaka chini, wapumzike wajaribu tena. Walikaa juu siku nyingi. Tarehe 6 Oktoba 1889 wakafika. Miaka mia moja na zaidi imepita na watu bado wanabishana na mimi kuhusu siku moja Horombo.

#30 Tupatupa
Mzee hapo umepiga vizuri. Lakini na yule afande aliyepandisha Mwenge 1964 alienda siku ngapi? Jeshi walipanda haraka.

#31 Dada Sechu
Siyo 1964. Ni usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda, bendera na Mwenge, na kilele kikaitwa Uhuru badala ya lile jina la Kaiser Wilhelm. Siku alizotumia usizifanye kipimo cha watu sita wa ofisini.

#32 Tupatupa
Sawa dada. Tarehe nimekosea, hoja naibakisha 😄 Kichwa cha mtu ndo kinampandisha. Nilipofika Gilman's Point nilitaka kurudi kabisa, watu wengi wanarudi pale maana unaona umeshafika ukingo wa kreta, jua linatoka, picha imepatikana. Toka pale mpaka Uhuru ni kama saa moja na nusu, mbili, mwinuko siyo mkali tena. Waliorudi siyo wote walikuwa wagonjwa, wengine walikata tamaa.

#33 Nesi wa Zamu
Hilo nakubali kwa uchovu. Ila uchovu na kukata tamaa ni dalili za ubongo wenye njaa ya oksijeni pia, kwahiyo ukimwambia mtu ajikaze unaweza kuwa unamwambia mgonjwa. Mwamuzi awe mwongozaji, siyo rafiki aliyelipa hela ileile.

#34 Injinia Mpya
Vile vidude vya kubana kidole vya kupima oksijeni vinasaidia?

#35 Mzee wa Geti
Vinasaidia kuona mwelekeo. Namba peke yake inadanganya, vidole vya baridi vinasoma vibaya. Nimeona mtu wa asilimia 75 anacheka na anakula, na mtu wa 85 anatapika. Mimi naangalia sahani yake kwanza. Anayeacha chakula nakaa naye karibu.

#36 KimaraMwisho
Wakuu nimerudi toka kikao. Watatu wameelewa, wawili bado wanataka siku 5 na mmoja katibua kabisa anasema kama ni siku 6 basi bora njia ya Machame siku 7 kwa sababu kasoma ina nafasi kubwa ya kufika. Hema sasa!! Kuna aliyefanya zote mbili?

#37 Dada Sechu
Mimi. Machame ramani yake ni nzuri kwa mwili. Kambi ya kwanza kama 3,000, ya pili Shira 3,840, halafu siku ya tatu unapanda mpaka Lava Tower 4,600 na unashuka kulala Barranco 3,960. Hiyo siku inachosha na kichwa kinagonga lakini ndo inayokujenga. Ya siku 7 unalala Karanga kabla ya kambi ya Barafu, ya siku 6 unaunganisha, usiunganishe. Ukuta wa Barranco unatisha kwa macho kuliko kwa miguu, mikono inatumika kidogo, mwenye kizunguzungu cha kimo amwambie mwongozaji mapema. Kushuka ni njia ya Mweka, magoti yataongea.

Wanaiita Whiskey na Marangu wanaiita Coca-Cola kwa kudharau, lakini Marangu inarudisha watu wengi kwa sababu wanaidharau hivyohivyo wakanunua siku chache. Na mvua ikinyesha mtu wa kibanda anamshukuru Mungu. Mwisho wa mwezi wa tisa kwa kawaida ni kukavu, mvua za vuli ni Novemba, ila mlima hausomi kalenda kwahiyo koti la mvua lazima.

#38 Kamau wa Nyeri
Na Rongai je? Iko upande wetu, kukavu.

#39 Nesi wa Zamu
Rongai ni nzuri, iko upande usiopata mvua nyingi, watu wachache, unapanda taratibu na ukipitia Mawenzi Tarn unapata kimo kizuri cha kuzoea. Ni hema pia lakini, mleta uzi asianzishe chama kipya kwenye kikundi chake.

#40 Mgumu Mstaafu
Msichague njia kwa maneno ya hapa. Angalieni aliye dhaifu kati yenu sita anaweza nini, baridi, hema, magoti, halafu njia ifuate huyo. Huyo ndiye atakayewapangia mwendo mpende msipende.

#41 Fundi Baiskeli
Swali la pembeni, mtandao uko? Nataka niwapigie watoto nikiwa juu.

#42 Injinia Mpya
Horombo intaneti ilizinduliwa 2022 na ikapelekwa juu zaidi baadaye. Betri ndo shida, baridi inazimaliza. Lala na simu na pawabenki ndani ya begi la kulalia, usiku wa kileleni weka mfuko wa ndani siyo wa koti la nje. Maji pia, pindua chupa kichwa chini kwa sababu barafu inaanza juu, ukiigeuza mdomo haugandi. Mpira ule wa kunyonya usiutegemee usiku, utaganda. Na chupa za maji za kutupa hazitakiwi hifadhini, nunua ya kujaza.

#43 Dada Sechu
Ongeza hapo, maji ya mwisho yako kati ya Horombo na Kibo, pale Kibo hakuna chanzo, kila lita inayopikiwa supu yako imebebwa na mtu. Usinawie uso.

#44 MaketeBoy
Mleta uzi, hao wawili wa siku 5 waambie hivi, ada zetu Watanzania tunalipa kwa shilingi, mgeni analipa kwa dola na ni mbali mno na sisi. Siku moja zaidi kwetu ni posho za wafanyakazi na chakula zaidi kuliko ada. Kama kuna watu duniani wenye uwezo wa kununua siku ya ziada kwa bei ndogo ni sisi. Mimi nitarudi, na nitachukua nyingi kuliko za mwanzo nione huyo wa Temeke atasema nini.

#45 Mama wa Mapacha
Samahani kwa kuchelewa kuingia, nimesoma wote. Mimi nina mtoto wa miaka tisa ananisumbua anataka kwenda na baba yake mwezi huohuo wa tisa. Anaruhusiwa?

#46 Mzee wa Geti
Kilele hapana mama, umri wa chini ni miaka 10. Mpeleke Mandara, alale siku moja, asubuhi azungukie kreta ya Maundi aone Kibo na Mawenzi zote mbili kama hakuna wingu. Mtoto haelezi kichwa vizuri kama mtu mzima, akikataa chakula au akinuna bila sababu mshusheni.

#47 KimaraMwisho
Mmoja wa wale wawili kasoma #15 ya Fundi mwenyewe kimya kimya, kanipigia sasa hivi anauliza kama siku ya Horombo ikiwekwa kuna uwezekano wa kuweka mbili. Yule mwingine bado. Mzee, mbili zinasaidia au ni kupoteza?

#48 Mzee wa Geti
Moja inatosha kwa wengi. Mbili haijawahi kumdhuru mtu. Mnaondoka tarehe ngapi na mmeshapata mkuu wa msafara? Nitumie ujumbe pembeni nikwambie maswali ya kumuuliza.

#49 Tupatupa
Na maji mnywe.